Namna ya Kuchagua Mambo Machache na Kuyaingia kwa Kina

Mtu mwenye gita lililoegemezwa ukutani, boksi la rangi ambazo hazijatumika hata robo, programu tatu za kujifunza lugha kwenye simu yake na rundo la vitabu vilivyokunjwa pembe kwenye kurasa za mwanzo, si mvivu. Mara nyingi ni mtu mwenye ari kuwashinda wenzake, anayevutiwa na mambo kwa dhati na anayetoa fedha zake na usingizi wake kwa ajili ya kila jipya linalomgusa moyo. Hata hivyo, ukimuuliza ni lipi kati ya hayo yote linalompa utulivu anaporudi nyumbani jioni, huenda akashindwa kulitaja. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake, na hoja yake ni moja: raha kubwa ya shughuli yoyote ya hiari haipatikani katika wiki za mwanzo bali iko mbele zaidi, ng'ambo ya kipindi kirefu ambacho maendeleo hayaonekani kwa urahisi, na anayefuata mambo mengi kwa pamoja huliacha kila moja pale pale kipindi hicho kinapoanza.

Katika wiki za kwanza za kujifunza chochote, mtu hutoka kwenye kutojua kabisa na kuingia kwenye kujua kidogo, na hatua hiyo ni kubwa na huonekana kwa macho: leo hajui hata kulishika gita, baada ya siku chache anapiga wimbo mfupi. Kisha mwendo hupungua. Saa zilezile za mazoezi huleta badiliko dogo zaidi, makosa huwa magumu kuyatambua, na wakati huohuo masikio yamekwisha kuchangamka kiasi cha kumwonyesha mwenyewe jinsi anavyopiga vibaya. Hapo ndipo shughuli mpya inapoonekana tamu, kwa kuwa nayo ina wiki zake za kwanza. Njia mbili zilimshinda fisi, nasi tunajaribu kuzipita saba kwa mpigo.

Kinachobadilika mtu anapoingia ndani

Mwaka 1973 William Chase na Herbert Simon, watafiti wa namna akili inavyofanya kazi, walichapisha matokeo ya majaribio waliyowafanyia wachezaji wa sataranji. Kila mchezaji alionyeshwa kwa sekunde tano tu ubao uliopangwa kete za mchezo halisi uliofika katikati, ubao ukaondolewa machoni pake, kisha akatakiwa azipange upya kete zile kwa kumbukumbu. Bingwa aliweza kurudisha kete kama 16 mahali pake, ilhali anayeanza aliweza kama 4. Lakini kete zilipotawanywa ovyo, kwa namna isiyoweza kutokea kwenye mchezo wowote, pengo lile kubwa lilitoweka karibu lote. Kwa hiyo bingwa hakuwa na kumbukumbu ya ajabu. Alikuwa anaona makundi ya kete yenye maana, shambulio linaloandaliwa hapa na ulinzi uliolegea pale, mahali ambapo mwenzake aliona kete moja moja.

Nalichukua jaribio hili kuwa maelezo bora kabisa ya kile ambacho kuingia kwa kina humpa mtu. Anayewafahamu ndege husikia sauti nane tofauti katika makelele yale yale ya alfajiri ambayo kwa jirani yake ni makelele tu; aliyekaa miaka na ushonaji huiona nguo ya mpita njia na kujua mahali fundi alipopata tabu na jinsi alivyojiokoa. Kitu kinachoitwa umahiri, ukikitazama kutoka ndani, ni kuona zaidi. Uwezo huo huja polepole kwa kukutana na jambo lilelile mara nyingi, kila mara kwa sura tofauti kidogo, na fedha haziwezi kuuharakisha.

Ipo sababu nyingine, nayo ni ya hesabu. Hermann Ebbinghaus, mtafiti wa Kijerumani aliyejifanyia majaribio yeye mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, alionyesha mwaka 1885 kwamba sehemu kubwa ya tunachojifunza hutoweka katika saa na siku za mwanzo, kisha usahaulifu hupungua kasi. Na kwamba kurudia kwa nafasi zilizoachana huhifadhi zaidi kuliko kurudia kote kwa mkupuo. Sasa mfikirie mtu mwenye saa saba kwa wiki za kutumia kwa hiari yake. Akizigawa kwa mambo saba, kila moja hupata saa moja, yaani saa 52 kwa mwaka. Akizigawa kwa mawili, kila moja hupata saa 182. Pengo halisi ni kubwa kuliko tarakimu hizo zinavyoonyesha, kwa sababu yule wa mambo saba hutumia sehemu nzuri ya saa yake akikumbuka alipoishia wiki iliyopita, na mara chache huvuka hapo kabla saa haijaisha.

Kuhesabu ulichonacho

Chukua karatasi na uandike kila jambo unalojiambia kwamba unalipenda au unalifuatilia, bila kubakiza lolote, pamoja na yale ambayo hujayagusa kwa muda mrefu ila bado unayahesabu kuwa yako. Orodha hiyo huwa ndefu kuliko mtu alivyotarajia. Kisha pitia jambo moja moja na ujiulize lini mara ya mwisho ulilifanya kwa mikono yako au kwa akili yako. Kutazama video za wengine wakilifanya hakuhesabiki, wala kusoma kuhusu vifaa vyake, wala kununua vifaa hivyo. Swali hili pekee huondoa karibu nusu ya orodha, kwa kuwa mengi ya mapendeleo yetu yamekwisha kugeuka kuwa utazamaji na manunuzi bila sisi kujua.

Swali la pili ni zito zaidi, na inafaa ulikalie siku kadhaa: je, unapenda kulifanya jambo hili, au unapenda kuwa mtu anayejulikana kwa kulifanya? Kupenda kupiga kinanda na kupenda kuitwa mpiga kinanda ni mambo mawili, na kwa mbali hufanana kabisa. Njia ya kuyatenganisha ni kuiwazia sehemu ya shughuli hiyo iliyo kavu kuliko zote. Kwenye kinanda ni kurudia vidole vya mkono wa kushoto peke yake kwa dakika 20. Kwenye uandishi ni kuipitia aya ileile kwa mara ya tano. Kwenye bustani ni kung'oa magugu ukiwa umeinama hadi mgongo unauma. Ikiwa hata sehemu hiyo ina mvuto fulani kwako, au walau haikuudhi, umepata jambo lako. Ikiwa unaitamani siku ya kupigiwa makofi tu huku sehemu kavu ukitamani ipite bila wewe kuwepo, basi ulilolipenda ni picha, na si kosa kuiacha ipite.

Swali la tatu ni kama kuna kitu mahususi ndani ya jambo hilo unachotaka kukijua au kukiweza. "Napenda historia" ni jibu la mtu ambaye bado yuko mlangoni. "Nataka kuelewa jinsi mabaharia walivyojua mahali walipo kabla ya vyombo vya kisasa" ni jibu la mtu aliyekwisha kuingia chumba cha kwanza na kuona mlango mwingine. Yape uzito mambo ambayo tayari yamekuachia maswali ya aina hiyo.

Kutokana na majibu, bakisha mawili, au matatu kwa wingi. Sishauri moja peke yake, isipokuwa kwa anayelifanya jambo hilo kuwa kazi ya maisha, kwa sababu jeraha la mkono, uhamisho wa kikazi au mtoto mchanga nyumbani vinaweza kulisimamisha ghafla na kumwacha mtu mikono mitupu. Mawili yasiyofanana hupumzishana vizuri: moja la mwili au la mikono, jingine la kichwa. Anayesoma kwa bidii hunufaika akiwa na kitu cha kukiseremala au cha kukikimbilia, wala hivyo viwili havigombei nguvu ileile.

Kuyaaga mengine

Watu wengi hukwama hapa, na hukwama kwa sababu wanadhani wanatakiwa kutoa hukumu ya milele. Hakuna ulazima huo. Weka muda, mwaka mmoja unatosha, na uyahesabu yaliyobaki nje kuwa yamesimamishwa. Kwa kila moja andika mistari michache: umefika wapi, kitu gani kilikuwa kinafuata, kitabu au zoezi gani ungeanza nalo. Ukishaandika hivyo moyo hutulia kwa namna ya kushangaza, kwani kilichokuwa kinaukera ni hofu ya kupoteza kuliko hamu ya kufanya.

Baada ya hapo yaondoe machoni. Vifaa viingie kabatini au viazimwe kwa anayevihitaji, malipo ya kila mwezi yasitishwe, makundi ya simu yanayozungumzia shughuli hizo yanyamazishwe. Ikiwa kuna kikundi kinachokutegemea, kwa mfano kwaya yenye waimbaji wachache wa sauti yako, waarifu mapema na uwape nafasi ya kutafuta mwingine. Kutoweka kimyakimya huacha deni ambalo litakusumbua mwaka mzima.

Huzuni itakuja, nayo iheshimiwe. Kumwacha mchoraji uliyetarajia kuwa, au msemaji wa lugha nne, ni kuachana na mtu uliyeishi naye kichwani kwa miaka. Sioni haja ya kujikemea kwa hilo. Lakini tazama pia kwamba yule mchoraji hakuwahi kupata saa za kumkuza, na kwamba kumbakiza kwenye orodha hakukuwa kunampa uhai.

Kanuni moja ningeomba uishike bila kulegeza: katika mwaka huo usinunue kifaa kipya wala usijiandikishe kwenye mafunzo mapya kwa ajili ya mambo uliyoyabakiza, ila kile ulichonacho kikiharibika au kikiisha kwa kutumika. Ununuzi huleta hisia ileile ya wiki za mwanzo, hisia ya kwamba kuna hatua imepigwa, na ndiyo maana hutujia kwa nguvu hasa pale mazoezi yanapogoma.

Kukivuka kipindi kigumu

Sasa tufike kwenye kazi yenyewe. Chukua mtu aliyebakisha gita. Anajua vipande vya mwanzo vya nyimbo nyingi na hana hata mmoja anaoumaliza bila kusita, kwa kuwa kila alipofika mahali pagumu alirudi mwanzo, akapiga tena sehemu anayoiweza kwa furaha, akakwama palepale. Mwezi huu achague wimbo mmoja. Asianze mwanzo, aende moja kwa moja kwenye ile sehemu ya sekunde nne au tano inayomshinda, na apige taratibu mno, nusu ya kasi ya kawaida au chini ya hapo, hadi aone kwa macho yake kosa linapozaliwa. Huenda akagundua kwamba vidole vitatu vinafika kwa wakati na cha nne, kile kidogo, kinanyooka angani kabla ya kushuka, na kwamba kuchelewa huko kwa kidole kimoja ndiko kulikovunja wimbo mzima siku zote. Sasa ana kitu cha kurekebisha. Atafanya mpito huo mmoja, kutoka umbo la kwanza la vidole hadi la pili, mara kadhaa polepole, atapumzika, ataurudia kesho yake kabla ya kitu kingine chochote, na kasi ataipandisha pale tu kidole kitakapotii. Ile dakika wimbo unapopita bila kusita ina ladha ambayo vipande 20 vya mwanzo haviwezi kuitoa hata vikiunganishwa.

Mazoezi ya namna hii, yenye lengo dogo, yanayofukua kosa na kulirekebisha papo hapo, ndiyo aliyoyachunguza mwanasaikolojia Anders Ericsson na wenzake katika utafiti wao wa mwaka 1993 kuhusu wanafunzi wa fidla mjini Berlin. Utafiti huo ndio uliozaa baadaye ule usemi kwamba umahiri hudai saa 10,000 za mazoezi, nao umewavunja moyo watu wengi bila sababu. Idadi hiyo ilikuwa wastani wa wapiga fidla bora walipofika umri wa miaka 20, wala haikuwa kizingiti, na wapo miongoni mwao ambao hawakuwa wameifikia. Kwa mtu anayetafuta kuridhika, wala hatafuti jukwaa la kimataifa, la kuchukua kutoka kwenye utafiti ule ni lingine: hata wale bora waligawa mazoezi yao katika vipindi vifupi vyenye mapumziko kati yake, na walilala zaidi kuliko wenzao wa kiwango cha chini. Dakika 45 za umakini kamili, mara nne kwa wiki, zitakufikisha mbali kuliko Jumamosi nzima ya kujilazimisha.

Linda pia mlango wa kuingilia. Sophie Leroy, aliyechunguza watu wanaohama kutoka kazi moja kwenda nyingine, alionyesha mwaka 2009 kwamba sehemu ya umakini hubaki kwenye kazi iliyoachwa bila kumalizika, na kazi mpya hufanywa kwa akili iliyogawanyika. Kwa hiyo usipange mambo yako mawili jioni moja yakifuatana, na kabla ya kuanza andika kwenye kipande cha karatasi lile la ofisini ulilolikatiza, pamoja na hatua yake inayofuata. Simu ikae chumba kingine.

Anayebakisha jambo la kusoma ana hatari yake mwenyewe, kwa sababu kusoma hakutoi sauti mbaya inayomwambia kwamba amekosea. Mtu anaweza kupitia vitabu kumi kuhusu mada moja na kubaki na ukungu. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walichapisha mwaka 2006 majaribio ambayo wanafunzi walisoma maandishi mafupi, wengine wakayasoma tena na tena, wengine wakafunga na kujaribu kuandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele, lakini baada ya wiki moja waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Basi mwishoni mwa kila sura kifunge kitabu, andika hoja yake kwa maneno yako, kisha fungua uone ulichokosa. Ni kazi ngumu na inapunguza idadi ya vitabu, na kwa maoni yangu idadi ya vitabu kwa mwaka ni kipimo ambacho msomaji makini angeachana nacho kabisa. Soma kitabu kizuri mara mbili, ukiacha miezi kati. Mara ya pili utakiona kama kitabu kingine.

Uchovu unapokuja

Mahali fulani kati ya mwezi wa tatu na wa sita utasadiki kwamba ulichagua vibaya. Karibu kila mtu hupita hapo, na haifai kuamua lolote siku hiyo. Jibu langu kwa uchovu wa aina hii ni kupunguza upana wa jambo lenyewe. Aliyechoka na uchoraji achore mikono tu kwa wiki tatu. Aliyechoka na historia ya vita achukue safari moja ya msafara wa chakula na kuifuata siku kwa siku. Mara nyingi uchovu hutokana na kuelea juu ya jambo pana, na ukilibana, maswali hurudi.

Charles Darwin, mwanasayansi wa Uingereza, anafaa kutajwa hapa. Mwaka 1846 alianza kuchunguza kiumbe mmoja mdogo wa baharini, wa jamii ya wale wenye magamba wanaojigandisha kwenye miamba na matumbo ya meli, aliyekuwa amemkusanya kwenye pwani ya Chile. Alitarajia kumaliza mapema. Alimaliza mwaka 1854, baada ya kuipitia jamii nzima ya viumbe hao, hai na wale waliobaki kwenye mawe tu, na kuna nyakati aliwachukia waziwazi katika barua zake. Kazi hiyo ndiyo iliyompa jicho la kuona jinsi viumbe wa aina moja wanavyotofautiana katika vitu vidogo, jambo ambalo nadharia yake kubwa ya mageuzi ya viumbe iliegemea. Jean-Henri Fabre naye, mchunguzi wa wadudu wa Ufaransa, alihamia mwaka 1879 kwenye kiwanja chenye ukubwa wa hekta moja hivi, ardhi ya mawe na miiba, na wadudu wa hapo wakamtosha hadi alipofariki mwaka 1915.

Upo uchovu mwingine ulio wa kweli, na dalili yake ni kwamba hata baada ya kulibana jambo hakuna swali linalorudi, na siku za kutolifanya zinakupa nafuu badala ya upungufu. Ukiona hivyo kwa miezi miwili mfululizo, liache kwa heshima na uendelee na lile la pili. Sitaki pia mtu achukue maneno haya na kumnyima kijana nafasi ya kuonjaonja. Anayeanza maisha, au anayerudi kwenye nafasi yake baada ya miaka ya kulea watoto, hawezi kuchagua kabla ya kugusa, na kwake mwaka wa kujaribu mambo kumi ni mwaka mzuri, mradi ajue kwamba anachagua.

Mwaka ukiisha

Usijipime kwa kujilinganisha na wengine. Tangu wiki ya kwanza hifadhi ushahidi: rekodi ya gita kwa simu, michoro yenye tarehe, maelezo uliyoandika baada ya sura ya kwanza. Mwisho wa mwaka viweke pamoja na vya sasa, ukiwa peke yako, na utazame mahususi kile ambacho leo unakiona kwenye kazi ya zamani na ambacho wakati ule hukukiona. Andika angalau mambo matatu ya aina hiyo.

Ndipo ufungue kabati na karatasi ya mambo yaliyosimamishwa. Mengine hayatakuita tena, na vifaa vyake vinaweza kupata mwenyewe mpya wiki hiyohiyo. Likiwepo moja linaloita bado, liruhusu liingie kwa sharti kwamba mojawapo ya yale mawili limefika mahali linapojiendesha kwa saa chache, kisha anza na ile mistari uliyoiandika siku ulipoliacha.